Ubao Si Kigae

Mume wangu ni fundi wa vigae. Mtaani wanamwita Baba Pacha, kwa sababu ya wanetu mapacha. Akikutandikia sakafu, hutaona kigae kimoja kimeinuka wala mstari mmoja umepinda. Nalisema hili mapema, msije mkadhani ninamsema mtu asiyejua kazi. Kazi anaijua. Shida yake ni kwamba akishaijua kazi moja, anadhani amezijua zote.

Aliwahi kuitengeneza redio yetu, ikanyamaza mpaka leo. Aliwahi kuwanyoa mapacha, wakavaa kofia mpaka nywele zilipoota tena. Ukimwambia, "Mwite mwenye kazi yake," anakujibu, "Kwani yeye ana mikono mingapi?"

Mwaka huu mama yake alihamia kwetu. Nyumba nzima tunamwita Bibi. Bibi aliugua, akapona, lakini mkono wake wa kulia haukurudi sawasawa. Kikombe anashika. Kitu kigumu hawezi kukivuta. Na ni mtu aliyeishi peke yake miaka mingi, hapendi kuhudumiwa. Alikubali kuja kwa sharti moja.

"Chai yangu nitajipikia mwenyewe," alisema. "Siku nitakayoomba chai kama mgonjwa, mnirudishe kwangu."

Kwake hakuna mtu wa karibu. Siku aliyougua, alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka jioni, ndipo mtu akagonga mlango. Sikutaka arudi kule. Si kwamba mimi ni mkwe mwema kuliko wakwe wote. Niliogopa tu.

Sasa jikoni kwetu vitu vilikaa chini. Sukari ndani ya ndoo, vikombe ndani ya boksi, majani ya chai nyuma ya boksi. Bibi hawezi kuinama. Ilibidi tupate makabati, chini ya sinki na juu ya meza ya jiko, mahali mkono wake unapofika.

"Nitayatengeneza mwenyewe," alisema Baba Pacha.

"Wewe?"

"Mbao ni vigae virefu tu, Mama Pacha. Unapanga, unabandika, unaziba. Basi."

Nilijua tumekwisha.

Alinunua zile mbao nyembamba za ulimi. Huenda umeziona kwenye milango ya makabati au kwenye dari. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule. Penye kiungo pana mstari uliovimba kidogo, kama uzi wa ushanga. Zikipangwa wima ndani ya fremu, mlango unapendeza sana.

Kesho yake nilikwenda uani kuchota maji. Nilikuta mbao zote zimo ndani ya pipa.

"Baba Pacha! Mbao zinaogelea?"

"Ninazinywesha maji. Usipozinywesha, zitakunywa maji yote ya gundi."

"Nani kakuambia?"

"Miaka yote hii navilowesha vigae kabla ya kuvitandika, leo unaniuliza nani kaniambia?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Mimi nashona sare za shule. Nina kazi zangu, nikasema moyoni, mbao si kazi yangu. Mdomo ukanyamaza, roho haikunyamaza.

Alizitoa mbao kwenye pipa zikiwa bado na ubaridi. Akazipaka gundi ulimi kwa mfereji, akazibana mpaka zikalia. Akazigundisha kwenye fremu pande zote nne. Kisha, jamani, akachanganya ile lipu nyeupe ya kuzibia vigae, akaijaza kwenye kila kiungo. Akapangusa kwa sponji yenye maji, huku anapiga mluzi. Mwisho akapaka rangi upande wa mbele peke yake.

"Na nyuma?" niliuliza.

"Nyuma nani anaona?"

Milango ilipendeza. Siwezi kusema uongo, ilipendeza. Bibi aliishika, akasema, "Mwanangu fundi." Baba Pacha akavimba kichwa.

Halafu jua likaanza kuwaka.

Siku moja mchana tulisikia jikoni: pa!

"Nani amevunja sahani?" Bibi aliuliza.

Hakuna aliyevunja sahani. Ubao ulipasuka wenyewe kwenye mlango, kuanzia juu mpaka katikati. Kesho yake, pa! Mwingine. Lipu ikaanza kumeguka na kuanguka. Tukanywa chai yenye sukari na lipu. Mlango wa juu ya jiko ukabinuka kama upawa. Pembe yake ya juu ilikwama kwenye kabati, pembe ya chini ikakaa wazi. Mende waliiona nafasi hiyo kabla yangu.

Baba Pacha alijaza lipu nyingine. Ikaanguka. Akakwangua pembe kwa msasa. Ikakwama mahali pengine.

"Inazoea," alisema.

"Mlango unazoea nini, Baba Pacha? Unazoea kutotufungulia?"

"Mama Pacha, usinitie presha. Ipe muda."

Tuliipa muda. Jumatatu moja nilikuwa chumbani nashona. Nilisikia kishindo, kisha kimya. Nilikimbia jikoni na kipande cha sare mkononi. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Mkononi ameshika kishikio cha mlango. Mlango wenyewe ulikuwa juu, umejifunga kimya, kama hauhusiki.

"Umeumia, mama?"

"Mwili haujaumia," alisema. "Niinue."

Nilimwinua. Aliweka kishikio mezani taratibu.

"Mwanangu, mnanipenda, naona. Lakini mimi siwezi kupigana mieleka na kabati kila ninapotaka kikombe. Jumamosi mpwa wangu anapita huku na gari lake. Nitarudi naye."

Baba Pacha aliingia akiwa na vumbi la kazini. Alimwona mama yake, akaona kishikio.

"Mama, nitaziba tu hapo..."

"Usizibe kitu!" Bibi alimkatiza. "Umeziba vya kutosha!"

Akaenda chumbani. Tukasikia anafungua begi, anapanga nguo.

Hapo uvumilivu wangu uliisha. "Namwita Mama Randa," nilisema.

Mama Randa ni jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro. Ni seremala. Anatengeneza milango, madawati na makabati. Jina lake la Randa, kile chombo cha kulainishia mbao, alipewa kwa sababu ulimi wake unaparuza, hata yeye analipenda. Ila yeye na mume wangu hawaongei. Mwaka jana Baba Pacha alimtandikia vigae jikoni. Mama Randa akavikanyaga kabla havijakauka. Baba Pacha akamfokea mbele ya wateja wake, akamuuliza kama macho ameyaacha kwenye karakana.

"Yule?" Baba Pacha alisema. "Heri nizile mbao hizi kuliko kumwita yule."

"Zile basi," nilimjibu, "maana kazi nyingine haziwezi."

Nilivuka uchochoro. Mama Randa alinisikiliza huku anapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilitegemea anikatalie. Badala yake alichukua bisibisi, akanitangulia.

Alipofika jikoni hakusalimu. Alisimama mbele ya kabati akaziba mdomo.

"Nani ameziua mbao hizi?"

Baba Pacha alitazama dari.

Mama Randa aliufungua mlango kwenye bawaba. Akaulaza mezani, akaugeuza. Alipitisha kucha kwenye kiungo. Lipu ikamwagika.

"Hii ni nini?"

"Lipu ya vigae," nilisema.

"Na gundi hii yote pembeni?"

"Ndiyo, yote."

"Mbao zilikuwa kavu?"

Nilimtazama mume wangu. Akakohoa.

"Nililowesha kidogo," alisema.

"Ulilowesha!" Mama Randa alivuta kigoda, akaketi. "Sikiliza, Fundi. Siku ile ulinifokea, na ulikuwa na haki. Vigae vilikuwa vibichi, mimi nikavikanyaga. Leo ni zamu yangu. Kigae kimechomwa motoni. Hakivimbi wala hakinywei. Unaweza kukibandika, ukakiziba pande zote, kikatulia maisha. Ubao ulikuwa mti. Mti unakunywa maji. Hata ukikatwa, ukarandwa, ukapakwa rangi, haujaacha tabia yake. Hewa ikiwa na unyevu, ubao unapanuka. Hewa ikikauka, unanywea. Kwa urefu haubadiliki sana. Kwa upana ndiyo taabu."

"Sasa mimi nilizibana vizuri ili zisicheze," Baba Pacha alisema.

"Ndiyo maana zimepasuka! Ulizivimbisha kwa maji. Ukazigundisha zikiwa zimevimba. Zilipokauka zikataka kunywea. Gundi ikazikataza. Ubao ukikatazwa na gundi unafanya nini?"

"Pa," nilisema.

"Pa," alisema Mama Randa. "Na ukapaka rangi upande mmoja. Upande wenye rangi ukakauka polepole, upande mtupu ukakauka haraka. Mlango ukapinda. Hakuna uchawi hapa."

Aliuchukua mlango mwingine, akatuonyesha fremu. Fremu ina miti miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Upande wa ndani wa kila mti panachimbwa mfereji. Mbao za ulimi zinaingia kwenye mfereji huo.

"Gundi inakwenda hapa," alisema, akagusa pembe nne, mti wa kusimama unapokutana na mti wa kulala. "Pembe zishikane kama ndugu. Lakini kwenye mfereji, mbao zinakaa bila gundi. Na unaziacha na nafasi kidogo pembeni, zipate pa kupanukia. Fremu inazishika, haizifungi."

"Kama mpira wa kiuno," nilisema.

"Mpira gani?"

"Kwenye sketi. Mpira unakaa ndani ya upindo. Ukiushona pamoja na upindo kote, hauvutiki tena. Unashona miisho tu."

Mama Randa alimgeukia mume wangu. "Mwenye akili ya mbao katika nyumba hii anashona sare."

Baba Pacha hakucheka. Lakini aliuchukua mlango, akauangalia ule mfereji kwa muda mrefu. Namjua. Akikitazama kitu hivyo, kimemwingia.

"Haya," alisema. "Leo Jumatatu. Kesho tununue mbao, keshokutwa tuunge. Ijumaa tumalize."

"Mbao zikitoka dukani zinakaa kwanza ndani ya nyumba," Mama Randa alisema. "Wiki nzima, pengine zaidi. Zizoee hewa ya hapa ndipo uzikate."

Nilishika kichwa. "Mama Randa, Bibi anaondoka Jumamosi!"

"Ubao haujui Jumamosi, mama."

"Basi umetusaidia nini?" Baba Pacha akawaka. "Umekuja kututukana, na mlango hatuna!"

"Nimekuja kukuzuia usifanye ujinga mara mbili!"

Wakafokeana, huyu na bisibisi, huyu na sponji. Kule chumbani Bibi alikuwa anasikia kila neno. Niligonga meza kwa kishikio kilichong'oka.

"Nyamazeni wote wawili! Mama Randa, hakuna njia nyingine? Hata ya mlango mmoja?"

Mama Randa aliishusha bisibisi. Akalitazama jiko, akalitazama sinki.

"Mlango mmoja," alisema. "Upi anautumia zaidi?"

"Huu wa vikombe na sukari."

"Huo upo juu ya birika. Mvuke wote unapanda hapo. Hata ningekuwa na muda, hapo nisingeweka mbao za ulimi. Ningeweka plaiwudi iliyochorwa mistari. Ukiitazama kwa mbali hutaitofautisha. Lakini ni kipande kimoja, kimetengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizopishana, hii wima, hii mlalo. Zinazuiana. Haipanuki ovyo, na haihitaji kusubiriwa sana."

"Hiyo hukuisema tangu mwanzo?" Baba Pacha aliuliza.

"Uliniuliza?"

Tulikwenda duka la mbao sote watatu. Naapa sitarudi tena na watu hawa wawili. Baba Pacha alikwenda moja kwa moja kwenye mbao zilizolala nje, karibu na ukuta. Akainua mmoja, akatabasamu.

"Hii nzito. Nzito ndiyo imara."

"Nzito kwa sababu ina maji," Mama Randa alisema. "Inua na ile ya ndani. Ni unene uleule, urefu uleule."

Aliinua. Ile ya ndani ilikuwa nyepesi zaidi. Mama Randa akazigonga zote mbili kwa kifundo cha kidole. Ya nje ililia butu. Ya ndani ililia kwa sauti kali. Kisha akainua ubao mpaka jichoni, akafumba jicho la pili, akauangalia kwa urefu wake.

"Huu umepinda. Rudisha. Huu una kifundo kinachocheza, kitadondoka ubaki na tundu. Rudisha. Huu ulimi umevunjika."

Muuzaji alichoka. "Mama Randa, unanunua mbao au unamchagulia mwanao mchumba?"

"Mchumba akipinda atazungumza na wazee. Huu nitazungumza nao nini?"

Alichagua mbao za milango mingine, za kwenda kusubiri nyumbani. Tukahamia kwenye zile za kipande kimoja. Zilikuwa za aina mbili, zote zimechorwa mistari. Baba Pacha alipapasa moja.

"Hii laini kabisa. Kama kigae."

Nilifumba macho.

"Hiyo ni bodi ya vumbi la mbao lililoshindiliwa," Mama Randa alisema, safari hii bila kufoka. "Si mbaya. Inapokea rangi vizuri kuliko zote. Chumbani iweke bila wasiwasi. Lakini karibu na maji, njoo uone."

Alituonyesha kipande kilichosahauliwa chini ya bomba la uani. Ukingo wake ulikuwa umevimba na kufumuka kama mkate uliochovywa. Baba Pacha aliubonyeza, ukamegeka. Akaiacha ile laini, akachukua plaiwudi.

Siku ya kuunga mlango, nilisimama karibu kwa makusudi. Mama Randa alileta miti ya fremu ikiwa imeshachimbwa mifereji. Baba Pacha akaweka plaiwudi mezani, akashika penseli ili aanze kukata kutoka ukingoni.

"Ngoja," Mama Randa alisema. "Kwenye vigae unaanzia wapi?"

"Katikati ya chumba."

"Kwa nini?"

"Ili vipande vya pembeni vilingane. Ukianzia ukutani, utaishia na kipande chembamba upande wa pili, kinachekesha."

"Haya. Na huu mlango je?"

Baba Pacha aliitazama mistari. Akapima katikati, akahesabu kuelekea pembeni, akachora. Mlango ulipokatwa, mistari ya kushoto na ya kulia ililingana. Wakaunga fremu. Baba Pacha akapima kutoka pembe hii mpaka ile, kisha pembe ya pili mpaka ya pili. Vipimo vilikuwa sawa, maana yake mlango haukwenda upande.

"Hilo sikukufundisha," Mama Randa alisema.

"Hilo ni la kwangu," alijibu Baba Pacha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu Jumatatu.

Kisha akachukua chupa ya gundi, akaielekeza kwenye mfereji. Nilimpiga kofi mkononi.

"Mwache," alisema Mama Randa. "Plaiwudi ikipata gundi kidogo si neno. Kwenye zile mbao za ulimi ndipo nisione hata tone."

Rangi ilipakwa mbele, nyuma na kwenye kingo zote. Ijumaa, rangi ilipokauka, walifunga bawaba, wakaacha nafasi ya unene wa sarafu kuzunguka mlango. Kikabaki kishikio. Baba Pacha akakilenga pale kilipokuwa zamani, juu, pembeni.

Mama Randa aliita, "Bibi! Njoo kidogo."

Bibi alikuja shingo upande. "Mimi naondoka kesho. Mniitie nini?"

"Nipe mkono wako. Huo mbovu."

Sote tulishtuka. Nyumbani kwetu mkono ule hatukuutaja. Bibi alimtazama Mama Randa, kisha akautoa. Mama Randa akauweka juu ya mlango.

"Inua mpaka pale bega linapokataa."

Bibi aliinua. Mkono ukaishia chini ya pale kilipokuwa kishikio. Chini kwa kiganja kizima. Miezi yote ile tulikuwa tumempachikia kishikio mahali ambapo mkono wake haufiki bila kujinyoosha kwa nguvu, na hakuna aliyemuuliza. Mimi ninayepima mabega ya watoto wa watu kila siku, sikumpima Bibi. Nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia Baba Pacha.

"Hapa," Bibi alisema. "Na kiwe kikubwa. Vidole hivi haviwezi kushika kitu kidogo."

Baba Pacha alikwenda kununua kishikio kipana, cha kuingiza vidole vyote vinne. Kwa ndani akaweka sumaku ndogo ya kushika mlango, isiyo kali.

Jumamosi mpwa wa Bibi alifika asubuhi. Alipiga honi nje. Bibi alikuwa ameshavaa viatu.

"Naenda kunywa maji," alisema.

Maji yalikuwa mezani. Yeye alikwenda kwenye kabati. Hatukumfuata, tulisimama koridoni. Aliingiza vidole vya mkono wa kulia kwenye kishikio. Akavuta. Mlango ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua tena. Akatoa kikombe, akakirudisha, akatoa kingine.

Nje honi ililia tena.

"Huyo naye anapiga honi ya nini?" Bibi alifoka. "Anadhani nani anasafiri?"

Baba Pacha alitaka kumkumbatia. Bibi akamzuia kwa kikombe.

"Usifurahi. Huu ni mlango mmoja. Ile mingine bado ni aibu tupu. Nitakaa mpaka iishe, maana mkiachwa peke yenu mtailowesha."

Basi tukakaa na mbao sebuleni. Mama Randa alizipanga zikiwa zimelazwa, na vijiti katikati ili hewa ipite. Tulizikwepa, tulijigonga vidole, mapacha walizigeuza daraja. Kila Baba Pacha akipita na ndoo ya kudekia, Bibi alipiga kelele, "Maji hayo yanakwenda wapi?" Baba Pacha alichoka mpaka akaacha kudeki.

Zilipozoea, akazipaka rangi zote kabla ya kuziunga, hata kwenye ndimi. Mama Randa alisema zikinywea siku moja, ulimi utachungulia kidogo. Ukiwa na rangi hutauona. Usipokuwa nayo, utaona mstari mweupe kila kiungo. Baba Pacha akazipanga ndani ya fremu bila tone la gundi, akaacha nafasi zao. Mlango wa chini ya sinki akauweka plaiwudi, kwa sababu ya maji. Hakuna aliyemwambia.

Mvua zikaja, za kutwa nzima. Nguo hazikukauka. Chumvi ilishikana. Mlango wa choo, ambao ni wa zamani, ulivimba hata tukawa tunaufungua kwa bega. Baba Pacha alikuwa akirudi kazini anakwenda jikoni moja kwa moja, na viatu vyenye tope. Anafungua kabati moja, anafunga, anafungua lingine. Mbao zilikuwa zimepanuka, ukizitazama kwa karibu ulijua. Zilijaza nafasi zao, zikatulia. Hakuna mlango uliokwama. Hakuna pa.

Jioni moja tulikuwa jikoni sote. Bibi alikuwa amejimiminia chai. Baba Pacha alifunga mlango wa mwisho taratibu.

"Mama," alisema. "Milango imekwisha. Yote."

Alisema kama mtu anayesubiri hukumu. Mimi pia nilisimama na sufuria mkononi. Tulikumbuka Bibi alivyosema: nitakaa mpaka iishe. Bibi hasemi kitu mara mbili.

Bibi alikunywa chai yake. Alitazama mlango mmoja mmoja, kuanzia sinki mpaka dirishani.

"Imekwisha?" alisema. "Fundi gani wewe? Chumbani kwangu hakuna kabati hata moja. Unataka nguo zangu zikae ndani ya begi mpaka lini?"